Rahmo na Viwavi wa Nyinyoro

Kazi ya Rahmo Guleid ilianza saa moja asubuhi, na jambo la kwanza alilofanya kila siku lilikuwa kuvua viatu. Alisema ua wa mchanga haufagiliki na mtu aliyevaa viatu, maana nyayo zake zitarudi kuharibu alichokwisha kufagia. Wafanyakazi wa ofisi ile ya kilimo walimcheka kidogo mwanzoni, kisha wakazoea. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake alikiokota sokoni Garissa, na ndani yake "pole" ilikuwa "bole" na "pamoja" ilikuwa "bamoja". Hakuona haya. Alisema alilotaka kusema, na likafika.

Alifika Garissa mwaka 1992 akitokea upande wa Buna, yeye na mumewe Warsame na binti yao Idman, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi. Kule Buna walikuwa wafugaji. Hapa mjini Warsame aligeuka dalali wa mbuzi: siku za soko alisimama juani tangu alfajiri, akishika sikio la mbuzi asiye wake, akimfungua mdomo ili mnunuzi aone meno, akimsifu mnyama ambaye jioni hatamwona tena. Rahmo akapata kibarua cha kufagia na kumwagilia miti pale ofisini. Waliishi katika bulla, mtaa ulio nyuma ya soko, ndani ya herio, kibanda cha matawi na turubai ambacho mwaka hadi mwaka kiliongezewa bati moja moja mpaka kikafanana na nyumba.

Watu wengi wa bulla ile walikuja mjini kwa njia hiyohiyo. Mtu akiulizwa kilichomleta, alijibu kwa neno moja tu: ukame. Rahmo naye alijibu hivyo. Haukuwa uongo. Ila haikuwa habari yote.

Mwisho wa mwaka 1997 mvua ilikuja kwa namna ambayo hata wazee hawakuwa wameiona. Redio iliiita Elinino. Mto Tana ulipanda, ukaacha njia yake, ukaingia mitaani kama mgeni asiyebisha hodi. Barabara ya Nairobi ilikatika, malori yakazama kwenye matope hadi vioo vya milango, na kwa wiki nyingi unga na mafuta vililetwa kwa ndege. Bulla ya Rahmo ilijaa maji. Walihamia mahali pa juu na jamaa za Warsame, wakakaa huko mwezi mzima, wakiumwa na mbu na kusikia kwamba mbuzi na ng'ombe wanakufa kwa homa ambayo hata watu inawaua. Ofisi nayo ilifungwa.

Aliporudi kazini mwezi wa Januari, Rahmo alimkuta mkuu wa ofisi amekonda. Mkuu huyo aliitwa Kagendo, mwanamke wa Meru, ambaye alikuwa na miaka miwili Garissa. Kabla ya mvua alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti. Sasa alikuwa akisaini karatasi, anaweka kalamu mezani, kisha anaitazama kalamu. Rahmo alidhani ni malaria, kwa kuwa mwaka ule kila mtu alikuwa ametoka kuumwa. Alimwambia "bole sana, madam," na Kagendo akaitikia, na hawakuendelea zaidi ya hapo.

Asubuhi moja ya Februari, Kagendo alimwita.

"Mama Idman, chukua jembe na gunia. Twende mtoni."

Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha kando ya mto tambarare ya udongo mweusi uliopasukapasuka. Juu ya udongo ule, mahali ambapo miaka yote palikuwa pakavu, nyinyoro zilikuwa zimechanua. Zilikuwa mamia. Kila moja ilisimama juu ya shina moja nene, na juu ya shina maua makubwa meupe yenye mstari wa waridi katikati ya kila petali, yameinama kidogo kama watu wanaosikiliza. Kagendo alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Chimba taratibu," alisema hatimaye. "Usiikate tunguu."

Rahmo alichimba. Tunguu ya kwanza ilipotoka, kubwa kama ngumi mbili, yenye maganda ya kahawia kama ya kitunguu, ubaridi ulimpanda kutoka viganjani hadi mabegani. Ilikuwa imepita miaka sita tangu aishike. Kwa Kisomali mmea ule una jina lake, lakini Rahmo hakupenda kulitamka.

"Madam," alisema, "hii ni sumu. Mbuzi akikula, anakufa."

"Najua ni sumu." Kagendo alikuwa amepiga magoti, akifuta udongo kwenye tunguu kama mtu anayemfuta mtoto uso. "Lakini hata mbuzi mwenyewe anajua. Umewahi kuona mbuzi aliyeshiba akila nyinyoro? Hawezi. Labda awe anakufa njaa."

"Ndiyo, madam," Rahmo alisema. "Labda njaa."

Walirudi na tunguu thelathini na moja, na mchana ule Rahmo akazipanda kwa mstari chini ya ukuta wa ofisi, upande wa asubuhi, kama alivyoagizwa. Tangu siku hiyo kazi ya kuzimwagilia ikawa yake.

Habari ambayo Rahmo hakuwa akiisema ilikuwa hii. Mwaka ule wa ukame, Warsame alipokuwa akiondoka na ngamia watatu waliobaki kuelekea Takaba, alikokuwa amesikia kuna maji, alimwachia mkewe mbuzi ishirini na saba. Alimwonya jambo moja: asiwapeleke kwenye bwawa la kusini. Bwawa lile lilikuwa limekauka, na katika kitanda chake huota mmea mbaya. Rahmo aliitikia. Siku kumi alizunguka na mbuzi wale akitafuta hata jani la kutafuna, na kila jioni alirudi nao wakiwa wepesi kuliko asubuhi. Siku ya kumi na moja aliona kwa mbali rangi ya kijani kwenye bwawa la kusini. Ilikuwa kijani pekee iliyosalia katika nchi yote ile. Alisimama kwa muda mrefu. Kisha akawageuza mbuzi upande ule.

Hawakula majani tu. Walichimbua kwa kwato, wakang'oa tunguu, wakazitafuna na udongo wake. Kabla ya jua kutua wengine walikuwa wamelala ubavu, povu likiwatoka mdomoni, miguu ikipiga hewani. Asubuhi walibaki wanne. Warsame aliporudi baada ya wiki tatu, na ngamia mmoja tu, Rahmo alimwambia, "Ukame umewamaliza." Warsame akasema, "Inna lillahi," akakaa chini. Hakuuliza kitu. Mwezi uliofuata walikuwa ndani ya lori la kwenda Garissa.

Basi sasa kila asubuhi alikuwa akibeba maji kumnywesha adui yake. Ndivyo alivyoona. Wiki za kwanza alijaribu kuyamwaga pembeni kidogo, mmea mmoja ukapata na wa pili ukakosa, lakini nyinyoro hazikumtegemea yeye. Udongo bado ulikuwa na unyevu wa mafuriko, nazo zilishika mizizi zote, zikatoa majani mapana yanayong'aa, na mwezi wa Machi zikachanua kwa pamoja. Watu waliokuja kuomba mbegu walisimama kuzitazama. Saa nne, wakati wa chai, Kagendo alitoa kiti nje akakaa mbele yake na kikombe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua uso wake ulilegea. Rahmo alimwona dirishani akiwa anapiga deki, na moyo wake ukawa mgumu. Alijiuliza mtu anawezaje kukaa namna ile mbele ya kitu kama kile, kana kwamba amekaa na ndugu.

Mwishoni mwa Aprili, siku ya Jumamosi, alikwenda mtoni kufua mablanketi. Alipokwisha kuyaanika juu ya vichaka, aliona kwamba nyinyoro za ukingoni zimenyauka. Alisogea. Majani yalikuwa yamejaa viwavi.

Aliwatambua mara moja. Aliwaona utotoni, alipokuwa akichunga vitoto vya kondoo, miaka ambayo mvua ilikuwa nzuri: viwavi weusi, wanono, wenye safu za madoadoa meupe na manjano mwilini, na kichwa chenye rangi ya kutu. Wadogo walikuwa ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, wakionekana kama kivuli kinachotembea. Wakubwa walikula nje, kwa makundi, bila kuficha miili yao, na walipomaliza jani walishuka shinani, wakatoboa mpaka ndani ya tunguu. Mmea waliopita juu yake ulibaki ute na harufu mbaya.

Rahmo alichuchumaa. Hivi ndivyo ilivyokuwa: kiumbe kisicho na meno ya kutisha wala pembe, kinakula kile kilichowaua mbuzi ishirini na tatu, na kinanenepa. Aliona raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia aliotumia kutekea maji. Aliyamwaga maji, akaanza kuwaokota mmoja mmoja kwa vidole, akahesabu arobaini na sita, akawafunika kwa majani.

"Hooyo, unabeba nini?" Idman alimuuliza mama yake nyumbani, akafungua mkebe, akapiga ukelele. "Ah! Wadudu wa nini hawa?"

"Wa kazini," Rahmo alisema.

Jumatatu alifika ofisini mapema kuliko siku zote. Alivua viatu, akapita kwenye mstari wa nyinyoro, akaweka viwavi wawili kwenye mmea huu, mmoja kwenye ule, kama mtu anayepanda mbegu. Kisha akafagia ua wote, na nyayo zake mwenyewe.

Hawakukawia. Siku ya nne majani yalikuwa na matundu. Siku ya sita yalikuwa yamelala chini. Wiki ilipokwisha ukuta ulikuwa mtupu, na chini yake safu ya vishina vilivyooza. Rahmo alikuwa amejiambia kwamba siku hiyo atashiba. Alipoona, alihisi tu kwamba kuna uchafu mwingi wa kuondoa.

Kagendo alikuwa ziarani Masalani wiki ile. Aliporudi, alishuka kwenye gari la ofisi, akaona ukuta, akaenda moja kwa moja bila kuweka mkoba chini. Alipiga magoti vilevile kama alivyofanya mtoni. Akaokota kiwavi mmoja, akamtazama.

"Wametoka wapi wote hawa kwa wiki moja?" aliuliza.

Rahmo alikuwa amesimama na ufagio.

"Mama yangu alikuwa na hizi langoni," Kagendo alisema, akiwa bado amemtazama mdudu. "Pande zote mbili za njia. Ukija nyumbani kwetu, huulizi ni wapi, unatafuta nyinyoro. Alikufa tarehe kumi na tisa Desemba. Barabara ilikuwa imekatika. Nilikwenda uwanja wa ndege siku tatu mfululizo kuomba nafasi, wakaniambia ndege ni za chakula na wagonjwa. Walimzika bila mimi. Sijaliona kaburi hadi leo."

Rahmo alisema, "Bole, madam. Bole sana."

Jioni ile Rahmo alipika anjera, akawatengea mumewe na bintiye, yeye hakula. Alikuwa akifikiria jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: kwamba mmea mmoja unaweza kuwa kaburi la mbuzi kwa mtu huyu na lango la mama kwa mtu yule, na wote wawili wako sawa. Hakuwa na nia ya kumwumiza Kagendo. Alitaka kuuumiza mmea. Lakini mmea hauna habari. Mmea uliota tu mahali ulipopata maji, kule bwawani na hapa ukutani. Aliyewageuza mbuzi alikuwa yeye.

Asubuhi yake aligonga mlango wa ofisi ya mkuu kabla watu hawajafika.

"Madam, wale wadudu, mimi nilileta."

Kagendo aliinua kichwa. "Ulileta vipi?"

"Na mkebe. Kutoka mtoni. Nikaweka bale kwa maua, mmoja mmoja."

Akamweleza yote, kwa Kiswahili chake kilichovunjika na kuvunjika zaidi kadiri alivyoendelea: ukame, bwawa, kijani, povu. Alipokosa neno aliweka la Kisomali, akaendelea. Kagendo hakumkatiza. Alipomaliza, mlango wa nje ulisikika ukifunguliwa na karani.

"Nenda ukafagie," Kagendo alisema.

Hakupandisha sauti, na hakuandika barua yoyote. Lakini kwa siku nyingi baadaye hakumwita Mama Idman, wala hakumwita jina lolote. Alimpita uani kama anavyopita mti. Rahmo aliona ni haki. Aliondoa majani yaliyooza, akachimbua tunguu ili aone zilizosalia. Ishirini zilikuwa zimeliwa hadi moyoni. Kumi na moja zilikuwa ngumu bado. Alizirudisha ardhini, akazimwagilia, safari hii bila kumwaga hata tone pembeni, na kila asubuhi akawa anageuza kila jani linalochipuka, akawatoa viwavi waliobaki, akawatia mkebeni na kuwarudisha mtoni. Hakuwaua. Hakuona wao wamekosa nini.

Wiki ya tatu, Kagendo alimwita kutoka dirishani.

"Mama Idman. Njoo uone."

Juu ya meza yake palikuwa na chupa ya kioo yenye udongo hadi nusu, imefunikwa kwa kitambaa. Kumbe siku ile aliporudi kutoka Masalani aliweka humo viwavi watano pamoja na kipande cha tunguu. Walikula, wakaingia udongoni, wakajifunga kila mmoja ndani ya ganda gumu la kahawia kama kokwa ya tende. Asubuhi hiyo mmoja alikuwa ametoka. Alikuwa nondo wa kawaida kabisa, mwenye mabawa ya mbele ya rangi ya udongo uliolowa, na alipotikisika yalionekana mabawa ya nyuma, meupe kama maua yenyewe. Alikuwa ameng'ang'ania kitambaa, akikausha mabawa.

"Mimi hawa ninawajua," Kagendo alisema. "Nilikuwa nimewasahau. Nilipokuwa mdogo, kila asubuhi kabla ya shule mama alinituma langoni kuwaokota. Nilikuwa nawachukia! Harufu yao haitoki mkononi. Nilifika darasani nanuka viwavi, watoto wenzangu wanahama kiti. Mama anasema, hii ndiyo kazi yako katika nyumba hii, nani mwingine ana macho kama yako?" Alicheka, kisha cheko likageuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nimekaa mbele ya maua yale miezi miwili, sikumkumbuka hata kidogo kama nilivyomkumbuka nilipomshika huyu mdudu."

Rahmo alimtazama nondo.

"Nimekukasirikia," Kagendo alisema. "Nadhani bado. Ningependa ungeniambia kabla."

"Ndiyo, madam."

"Na mzee wako alisema nini? Kuhusu mbuzi."

"Yeye hajui. Nilimwambia ukame."

"Miaka sita?"

"Sita."

Kagendo alifungua kitambaa. Nondo hakuruka, alitambaa tu hadi mdomoni mwa chupa akatulia hapo. "Mimi nilikuwa na jambo la kumwambia mama," alisema taratibu. "Si kubwa. Tulikosana kidogo mwezi wa Agosti. Nikasema, Krismasi nikienda nitamweleza."

Rahmo akarudi kwenye ufagio wake. Mpaka Kagendo alipohamishwa mwaka uliofuata, hawakuizungumzia tena habari ile. Walisalimiana vizuri, wakanywa chai, wakauliziana hali za nyumbani. Uhusiano haukuwa ule wa zamani, lakini ulikuwa uhusiano wa watu wanaojuana zaidi.

Siku ileile ya nondo, baada ya sala ya alasiri, Rahmo alimkuta Warsame amekaa kivulini mwa ukuta wa bati akipiga mswaki. Alikaa chini karibu naye. Alijua akisubiri kupata maneno mazuri, itapita miaka mingine sita.

"Baba Idman," alisema kwa lugha yao, "mbuzi hawakufa kwa ukame. Niliwapeleka bwawa la kusini. Ulinikataza, nikawapeleka."

Warsame aliacha mswaki mdomoni. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake. Kisha akainuka, akachukua fimbo yake na kikoi, akaenda msikitini, ingawa magharibi ilikuwa mbali bado. Siku tatu alisema na mkewe maneno ya lazima tu: chumvi, maji, nani kaja. Idman aliuliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu. Rahmo hakulieleza jambo lile mara ya pili. Alikuwa amekwisha kuuweka chini mzigo, na aliona ni zamu ya mumewe kuuzunguka na kuutazama.

Siku ya nne, saa tano hivi, mlinzi wa ofisi alimwita Rahmo akamwambia kuna mzee anamtafuta. Alikuwa Warsame. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwahi kukanyaga pale. Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa, na siku hiyo haikuwa Ijumaa.

"Idman amenieleza kuna mdudu," alisema. "Uliyemleta nyumbani kwenye mkebe, amefunikwa majani mapana ya mtoni. Anakula ule mmea?"

"Anakula."

"Nionyeshe."

Alimpeleka ukutani. Zile kumi na moja zilikuwa zimetoa majani mapya yenye urefu wa kiganja, na kwenye moja Rahmo alipata viwavi watatu ambao alikuwa hajawaona asubuhi. Warsame alichuchumaa, akalaza fimbo chini. Alikuwa mtu aliyezoea kumwangalia mnyama kabla ya kusema neno, na alimwangalia kiwavi vilevile: anavyotembea, anavyoshika jani, anavyotafuna kutoka ukingoni kwenda ndani.

"Ni mmea uleule," alisema. "Hakuna mwingine unaofanana nao."

"Uleule."

"Na hafi."

"Hafi. Madam anasema sumu inakaa ndani yake, hata ndege wanamwogopa."

Warsame alitikisa kichwa pole pole. "Subhanallah. Mwili mdogo hivi." Aliweka kidole karibu, kiwavi akapanda juu yake, akatembea mpaka kwenye kifundo, na Warsame akamwacha. Watu wawili waliokuja kwa ajili ya mbegu za mtama walisimama kuwatazama, wakaingia ndani.

"Nilikuwa na hasira," Warsame alisema, bila kumwangalia. "Siku tatu nimezunguka nayo sokoni. Nikawa naitafuta ile siku niliyoondoka, nijikumbushe nilivyokuambia. Nimeipata. Nilikuwa nimesimama, ngamia wamekwisha kufungwa mizigo, wewe umeshika ile kamba ya mwisho. Nikakuambia usiwapeleke bwawa la kusini." Alimrudisha kiwavi juu ya jani. "Nikachukua kamba, nikaenda. Sikukuambia uwapeleke wapi."

Rahmo alikaa chini kabisa mchangani, hapohapo alipokwisha kufagia.

"Hapakuwa na pengine," alisema.

"Hapakuwa na pengine. Mimi nilijua. Ndiyo maana sikusema."

Walikaa vile mpaka adhana ya adhuhuri ilipoanza upande wa soko. Kagendo alitokea barazani, akaona wale wawili wamekaa chini ya ukuta, akarudi ndani bila kuita. Saa saba Rahmo alivaa viatu, akaaga, na mumewe akawa anamsubiri getini. Hawakuwa na desturi ya kutembea pamoja mjini. Warsame siku zote alitangulia hatua kadhaa. Siku ile alienda sambamba naye, akipiga fimbo mchangani, wakakwepa mikokoteni ya punda yenye mitungi ya maji, wakakatisha nyuma ya zizi la soko ambalo lilikuwa tupu.

Walipofika hapo, Warsame alianza kumweleza habari za Takaba. Kwa miaka sita alikuwa amesema tu kwamba ngamia wawili walikufa njiani. Sasa alimweleza jinsi walivyokufa, wa kwanza na wa pili, na jinsi alivyokaa na yule wa pili usiku kucha, na asubuhi akamwekea kivuli cha kikoi kana kwamba kivuli ni maji. Alimweleza visima alivyovikuta vimejaa mchanga, na mtu mmoja asiyemjua, aitwaye Mursal, aliyemgawia nusu ya maziwa yake na kukataa kuambiwa asante. Alisimulia kwa kusitasita, anarudi nyuma, anasahihisha siku, anaapa "wallahi" pale alipodhani hataaminiwa. Rahmo hakumkatiza. Aliuliza tu hapa na pale: yule jike mwekundu ndiye aliyetangulia, au yule mwenye alama shingoni? Na Warsame akamjibu, na wakaipita njia ya kwao bila kuingia, wakaendelea kutembea.